Breki ya Mguu Iliyogeuka Gia

Kama unaendesha pikipiki, jiulize haraka: gia unakanyaga kwa mguu gani? Wa kushoto, na hata hukufikiria. Sasa jaribu kupanda Norton Commando ya mwaka 1970. Mtoto anakatiza barabara, mguu wako wa kulia unakanyaga breki kwa nguvu, na pikipiki inapanda gia! Kwenye Norton ile gia zilikuwa kulia na breki ya nyuma kushoto, tena gia ya kwanza ilikuwa juu na zilizobaki chini. Triumph, Waingereza haohao, wao gia ya kwanza waliiweka chini. Vurugu tupu.

Mwanzoni hata mguu haukuhusika. Gia zilibadilishwa kwa mkono, kwa mti uliosimama kando ya tangi, kwa hiyo unaachia usukani na kuitafuta gia kwa kupapasa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Harold Willis wa kampuni ya Velocette alitengeneza pedali ambayo ukiisukuma mara moja inahama gia moja tu, halafu inarudi katikati. Ndiyo hiyo unayokanyaga mpaka leo.

Ila kila kampuni iliiweka ilikotaka. Waingereza wengi kulia, Wajapani wengi kushoto. Marekani ndiyo iliyomaliza ubishi: pikipiki zilizotengenezwa kuanzia Septemba 1, 1974 kwa soko lake zilitakiwa kuwa na gia mguu wa kushoto. Norton ililitegemea mno soko hilo, ikabidi ipitishe shafti hadi upande wa pili. Na sisi huku tukarithi.

Lakini kujua upande hakutoshi, gia iingie laini. Ndani ya giaboksi meno huwa yameshikana muda wote. Kinachoingia na kutoka ni vishikizo vya ubavuni mwa gia. Injini ikivuta, vinabanana na havitaki kuachia. Kwa hiyo rudisha mafuta kwanza, bana klachi, sukuma pedali mpaka mwisho wake, usiidonoe, na uishikilie hapo mpaka uachie klachi. Kwenye pikipiki kuukuu ongeza subira kidogo kabla ya kusukuma. Ukikimbilia utasikia “kraa”, na hiyo kraa ni chuma kinalika.

Ukiazimwa ya zamani, usiiwashe kwanza. Iweke kwenye stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono huku ukikanyaga pedali moja moja, uone ipi inalisimamisha.