Kompyuta Isiyo na Diski Ngumu: MINIX Ikitazamwa Kutoka Bafwasende

Bafwasende iko kando ya mto Lindi, yapata kilomita 260 mashariki ya Kisangani. Mwaka 1987, nchi ilipoitwa Zaire, kijana wa huko aliyetamani elimu ya juu alitazamia kwanza Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichojitegemea mwaka 1981 baada ya miaka kumi ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa. Mwaka huohuo wa 1987 Andrew Tanenbaum, mwalimu wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, alichapisha kitabu kilichogusa swali lililomhusu kijana kama huyo: mwanafunzi awe na mashine ya namna gani ndipo aone kwa macho yake jinsi kompyuta inavyoendeshwa?

Swali hilo lilikuwa na chanzo chake. Mwaka 1977 John Lions wa Australia alikuwa ameandika ufafanuzi wa programu za Unix, toleo la sita, kwa ajili ya wanafunzi wake. Toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, leseni ya kampuni ya AT&T ilikataza programu hizo kufundishwa darasani. Walimu wakabaki na nadharia tupu, kama mtu afundishaye ushairi wa Muyaka bila ruhusa ya kusoma ubeti hata mmoja.

Tanenbaum aliandika mfumo wake mwenyewe, MINIX, wenye mistari yapata 12,000, na akajiwekea sharti la bei. Kwa miaka ya mwanzo mfumo huo ulitumika katika kompyuta ya kawaida ya IBM yenye kichakato cha Intel 8088, kasi ya megahezi 4.77, bila diski ngumu. Disketi ya kwanza iliuamsha mfumo. Ya pili ilibeba mafaili ya msingi, yakanakiliwa katika sehemu ya kumbukumbu iliyofanywa kuwa kama diski. Kisha ikatolewa, ikaingizwa nyingine yenye programu za kazi.

Unafuu huo ulikuwa na gharama. Kichakato 8088 hakina kinga ya kumbukumbu, hivyo kosa la programu moja liliweza kuuangusha mfumo mzima. Waliotaka chombo cha kazi za kila siku walilalamika, wala hawakukosea. Ila chombo cha kufundishia hupimwa kwa kipimo kingine. Linus Torvalds, mtumiaji wa MINIX, alipoanza Linux mwaka 1991, aliiandika kwa kichakato 80386. Mwenye 8088 akaachwa nje.

Hata hivyo, orodha ya Amsterdam ilichukulia kwamba umeme upo, na duka la kompyuta pia. Ingaliandikwa Bafwasende, ingalianza na jenereta na mafuta yake, ikafuata barabara ya Kisangani, kisha lugha: kitabu kilikuwa cha Kiingereza, naye msomaji alisomeshwa kwa Kifaransa, akirudi nyumbani kwenye Kiswahili au Lingala.