BANDARI INAMTUMIKIA NANI? FUNZO LA HISTORIA YA DAR ES SALAAM

Kila yanapozungumzwa mageuzi ya bandari, watu huuliza: nani apewe kuiendesha? Sisi tunaona kuwa swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: bandari inamtumikia nani, na nani ana uwezo wa kumdai mwendeshaji hesabu? Tusipolijibu, mageuzi huwa ni kubadili kibao cha mlangoni tu.

Bandari ya Mkoloni

Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kusomba mali ya bara hadi melini ikawa imekamilika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwapa Wabelgiji, kwa mkataba wa 1921, maeneo ya kupakia na kupakua katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila ukomo. Wenye nchi hawakuulizwa.

Waliobeba mzigo wa mfumo huo walikuwa makuli, wengi wao vibarua wa kutwa wasio na uhakika wa kazi ya kesho. Waligoma mwaka 1939 na tena 1943. Mgomo wao wa Septemba 1947 ulienea hadi kwa wafanyakazi wa bara. Mgomo wa 1950 uliishia katika vurugu, na chama chao kikavunjwa. Hata hivyo wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba gati bila mikono yao ni ukuta tu ufukweni.

Mwezi Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge msimamo wa Tanganyika juu ya mkataba wa Wabelgiji: mtawala ambaye mamlaka yake mwenyewe yalikuwa ya muda hakuwa na haki ya kutoa ardhi ya nchi milele. Kiini cha suala lote kimo humo.

Umilikaji Peke Yake Hautoshi

Baada ya Uhuru bandari iliendelea kuwa chini ya shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 likaundwa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Dar es Salaam. Wakati huo walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao haramu wa 1965, na Zambia ikahitaji njia nyingine ya baharini. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA mwaka 1975. Bandari iliyojengwa kwa faida ya mkoloni ikawa nguzo ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika.

Lakini lazima tujikosoe. Meli zilisubiri nangani na shehena ikarundikana. Gati zilikuwa chache, mabehewa hayakutosha, na uongozi ulikuwa mzito wa kuamua. Mwongozo wa 1971 ulikwisha kuonya juu ya viongozi wanaowapuuza wafanyakazi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Mamlaka yake ya Bandari. Baadaye ukosefu wa fedha za kigeni ulifanya vipuri viadimike, wakati ule ule ambapo kontena zilikuwa zikibadili kazi ya bandari duniani kote.

Mwaka 2000 kitengo cha kontena kilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 10. Mwaka 2005, kabla muda huo haujaisha, mkataba ukaongezwa kufikia miaka 25. Ulikoma mwishoni mwa 2022. Mwaka 2023, baada ya mjadala mkali nchini, ikatiwa saini mikataba ya miaka 30 na kampuni ya DP World ya Dubai, na Serikali ikaeleza kuwa utendaji utapimwa kila miaka 5.

Wajibu Wetu

Wapo wanaosema kuwa mgeni akiingia tu uhuru umeuzwa. Wapo pia wanaosema kuwa mwenye mtaji akiingia tu matatizo yamekwisha. Historia inawakanusha wote wawili. Mali ya umma isiyosimamiwa humnufaisha mzembe; mkataba usiosimamiwa humnufaisha mwenye mtaji. Kwa wote wawili anayelipa ni mkulima wa kahawa na korosho, na mnunuzi wa mbolea.

Basi kada asiridhike na kushangilia wala kulaani. Aulize meli inasubiri siku ngapi, ushuru unaingia wapi, vijana wetu wangapi wanafundishwa kuendesha mitambo na kusimamia mahesabu, na mfanyakazi wa gatini analindwaje. Tathmini ya kila miaka 5 itakuwa na maana iwapo tu tutakuwa na wataalamu wetu wa kuifanya, na ujasiri wa kutenda kulingana na matokeo yake.