Malette: kutoka kwa karani mpaka kwetu

Wakati wa Wabeleji, malette ilikuwa alama ya karani, mtu mwenye kujua kuandika na kubeba majina ya wengine. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa wale walioitwa évolués. Heshima ikatembea na karatasi.

Wakati wa Mobutu pesa iliharibika. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuka zaire mpya 1 tu. Malette ikawa ya kubebea noti.

Tangu 1994, vita na wakimbizi vilileta mashirika mengi hapa Goma. Ndipo tukasikia jina «ONG malette»: shirika lisilo na ofisi wala wanamemba, linaishi ndani ya malette ya mtu mmoja.

Sisi tuliokimbia tuko na malette yetu pia: sashe ya plastiki, ndani kadi ya kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, na karatasi ya shamba. Ukirudi bila hiyo, nani ataamini kama shamba ni lako?

Ndiyo maana, ndugu wanamemba na wafadhili, daftari yetu ya michango haikai ndani ya malette ya mtu. Iko mezani. Kuja, ufungue, usome.