Handaki Lenye Utashi

Tafsiri ya haraka ya danjeni (dungeon ya Kiingereza) ni gereza la chini ya ardhi. Kwa historia inatosha. Kwa riwaya na michezo ya njozi haifai, maana mashujaa huingia humo kwa hiari, wakitafuta hazina katikati ya mitego. Pango ni la asili, kuzimu ni kwa wafu. Mimi nashika handaki: limechimbwa, na aliyelichimba alikuwa na nia.

Nia hiyo inaweza kubaki humo. Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974, kijitabu chake cha tatu kiliweka milango ambayo mashujaa huisukuma kwa nguvu na ambayo hujifunga tena yenyewe. Kwa viumbe wa humo hufunguka bila taabu. Viumbe hao huona gizani, lakini anayekwenda kumtumikia shujaa hupoteza uwezo huo. Hakuna anayetaja akili ya handaki. Kanuni zenyewe zinaonyesha lina upande.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Undermountain, handaki la mchezo huohuo chini ya mji wa kubuni wa Waterdeep, ni mali ya mchawi Halaster, na hila zake ni za Halaster. Katika mchezo wa kompyuta Dungeon Keeper wa mwaka 1997, mchezaji mwenyewe ndiye mtawala wa handaki. Haya nayaita mahandaki yenye bwana, na jina linastahili: donjon ya Kifaransa, asili ya danjeni, ilikuwa mnara wa bwana.

Lakini ziko riwaya ambamo jiwe lenye fahamu, yaani kiini, huotesha vyumba, huzalisha viumbe na kutega dhahabu kama chambo. Hilo ni handaki lenye utashi. Nachagua neno utashi kwa makusudi: hisia ni maumivu na joto. Akili yaweza kuwa hesabu tu. Utashi ni kutaka.

Upatanisho wa ngeli nao una kazi. “Handaki lilifunga njia” yaweza kuwa kifusi. “Handaki alifunga njia” ni uamuzi. Utaniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha, na li- haijaliondolea zimwi akili. Kweli, ila zimwi hujulikana kuwa hai kabla ya kitenzi. Handaki msomaji hulidhania shimo. Kwa hiyo la Halaster libaki na li-, na lenye utashi lianze na li- hadi kiini kizinduke, kisha mfasiri ahamie a- bila kueleza.