Chambo cha ndoano: samaki gani anataka nini katika Ziwa Kivu na Ziwa Edouard

Kwa mkaaji wa Minova, Kalehe, Idjwi ao Vitshumbi, ndoano ndiyo chombo cha uvuvi cha bei ya chini kuliko vyote. Mtu asiyekuwa na pesa ya wavu ananunua ndoano mbili tatu na uzi wa nailoni, anakaa juu ya jiwe asubuhi, na saa sita anarudi na kitu cha kula na bugali. Lakini watu wawili wanaweza kukaa kwenye jiwe moja, na ndoano za namba moja, mmoja akapata samaki sita na mwingine akarudi mikono mitupu. Mara nyingi tofauti iko kwenye chambo.

Hakuna chambo kimoja cha samaki wote. Kila samaki ana chakula chake na namna yake ya kukitafuta, na mvuvi anapashwa kuanzia hapo. Kuna pia jambo la pili, linalogusa hata mtu asiyevua: chambo kingine kinatoka ndani ya ziwa lenyewe, na kikichukuliwa vibaya kinapunguza samaki wa kesho.

Macho, harufu na mdomo

Kuna samaki anayewinda kwa macho. Huyo anafuata kitu kinachotembea ao kinachong'aa. Mukeke wa Ziwa Tanganyika, anayekula ndagala, ni wa kundi hilo. Samaki wa namna hiyo anaweza kudanganywa hata na kitu kidogo chenye kung'aa, kikivutwa juu na chini ndani ya maji.

Kuna anayetafuta kwa harufu. Kambale ndiye mfano mzuri. Ana ndevu nane kuzunguka mdomo, na kwa hizo anapapasa na kuonja kilicho mbele yake hata kama maji yamejaa matope na giza ni totoro. Kwake chambo chenye harufu kali kinashinda chambo chenye sura nzuri.

Kisha kuna anayekula vitu vidogo na majani. Tilapia akiwa mdogo anakula wadudu wa majini, lakini akikomaa chakula chake kikubwa ni mimea midogo sana inayoelea majini na ule utelezi wa kijani unaoshika kwenye mawe. Kwa hiyo hakimbilii kipande cha nyama. Anachokubali ni kitu laini na kidogo.

Sambaza wako peke yao. Wanakula vidudu vidogo vinavyoelea, ambavyo havikai kwenye ndoano. Chambo chao ni mwanga: taa ya usiku inavuta vidudu na sambaza pamoja, na wavu unawachukua. Ndiyo maana usiku wa mwezi mpevu kazi ya taa inakuwa ngumu, sababu mwanga umetawanyika ziwa zima.

Ziwa Kivu: usitupe mbali sana

Ziwa Kivu lina urefu wa kwenda chini karibu mita 485, lakini samaki hawakai mpaka chini. Kupita mita 60 hivi hakuna tena hewa ya kupumua ndani ya maji. Kule kumejaa gazi ya metani na gazi ya kaboniki. Na kwa sababu ziwa hili linaingia kilindini haraka, mwenye kutupa ndoano mbali na kuiacha izame kabisa anaweza kuwa anatega mahali ambapo hakuna samaki. Samaki wa ndoano wako karibu na ngambo: kwenye mawe, kwenye matete, na pale mito inaingia ziwani.

Tilapia wa Kivu anakamatwa kwa mnyoo mdogo wa udongo, kwa kinyunya cha bugali ao cha mkate, na wakati mwingine kwa ule utelezi wa kijani uliotolewa kwenye mawe na kuzungushwa kwenye ndoano. Ndoano iwe ndogo, maana mdomo wake si mkubwa. Hapa wanaoanza wanakosea: namba ya ndoano ikipanda, ndoano inakuwa ndogo. Namba 14 ni ndogo kuliko namba 8.

Kambale anataka mnyoo mkubwa, ao minyoo kadhaa kwenye ndoano moja, utumbo wa kuku, ao kipande cha samaki. Anapenda kula usiku na alfajiri, na baada ya mvua, mto unapoleta matope na wadudu. Katika maziwa na mito mbalimbali ya Afrika wavuvi wanamtegea hata kipande cha sabuni ya kufulia, ile inayotengenezwa kwa mafuta. Sabuni ina harufu, haiozi upesi, na samaki wadogo hawaimalizi.

Samaki wa magamba makubwa ambaye wavuvi wanamwita Barbus anakula karibu kila kitu: konokono, wadudu, minyoo na majani. Mnyoo, panzi, ao kinyunya kigumu kinamfaa, hasa karibu na midomo ya mito.

Ziwa Edouard: chambo cha samaki wakubwa

Ziwa Edouard lina kilometa mraba 2.300 hivi, na sehemu kubwa iko upande wa Congo, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndizo sehemu za uvuvi zinazojulikana na sheria upande huu. Kule uvuvi unaomba ruhusa, na kuna sehemu ambazo ni mwiko kuvua kwa sababu samaki wanazalia humo.

Humo wavuvi wanatumia kamba ndefu yenye ndoano nyingi, inayoachwa majini usiku. Wanaotafutwa ni kambale, Bagrus na mamba-samaki. Huyu wa mwisho si yule mamba wa mtoni: ni samaki mrefu mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa. Meno yake ni kama sahani ngumu za kuponda konokono, na anaweza kuuma mkono wa mvuvi vibaya sana. Bagrus anatembea usiku na kula samaki wadogo, hasa wale wa jamii ya Haplochromis. Kwa hiyo chambo kinachowekwa sana kwenye kamba hizo ni samaki mdogo, mzima ao aliyekatwa.

Na hapo ndipo shida inaanza. Kamba moja inaweza kubeba mamia ya ndoano, na kila ndoano inaomba samaki mdogo wake. Hao wadogo wanatoka wapi?

Chambo kinachokula mbegu

Njia ya haraka ni kupitisha wavu wa matundu madogo, ao hata musikitere, kwenye matete ya ngambo. Musikitere inatolewa ili watu wasiumwe malaria. Ndani ya maji inakusanya kila kitu, hata kitoto cha samaki kisichofika urefu wa kidole. Mtu anatafuta Haplochromis za chambo, lakini ndani ya ndoo anaweka pia vitoto vya tilapia na vya kambale, wale wale ambao baada ya miezi wangefikia uzito wa kuuzwa.

Tilapia anaumia zaidi kwa sababu ya namna anavyolea. Jike anabeba mayai ndani ya mdomo, na vitoto vikianguliwa vinakaa karibu naye kwenye maji mafupi ya ngambo, vikirudi mdomoni hatari ikifika. Anayekokota musikitere pale anachukua mama na kizazi chake kwa mara moja. Ni sawa na mkulima anayepika mbegu za msimu unaokuja.

Ziwa Edouard lilikwisha kupata pigo lingine. Viboko wa Virunga, ambao samadi yao inalisha maji na vidudu vya majini, walikuwa karibu 30.000 katika miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1.000, kwa sababu ya vita na uwindaji. Ziwa lililopoteza chakula namna hiyo halina sababu ya kupoteza tena vitoto vyake kwenye ndoano.

Mvuvi anaweza kupunguza hasara hiyo bila kuacha kazi. Kwa kambale, utumbo wa kuku, minyoo na sabuni vinatosha. Kwa Bagrus, vichwa na matumbo ya samaki waliokwisha kuvuliwa, vyenye kutupwa kwenye soko, vinaweza kukatwa na kutegwa. Na kama analazimika kutumia samaki mdogo, samaki mmoja aliyekatwa vipande anatumika kwenye ndoano mbili ao tatu.

Jambo lingine: chambo hai kisihamishwe kutoka ziwa moja kwenda lingine. Sambaza wenyewe waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa makusudi, na wamelisha watu wengi. Lakini mwaka wa 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, alionekana Kivu, na yeye anagombania chakula na sambaza. Ndoo moja yaweza kubadilisha ziwa, na hakuna anayeweza kurudisha.

Kuhusu dawa za shamba na baruti, hizo si chambo. Sheria inazikataza, na samaki aliyekufa kwa dawa anaingiza sumu ile ile kwenye sahani ya watoto.

Kupata na kutunza chambo

Minyoo inapatikana chini ya majani yaliyooza ya migomba na pembeni ya samadi ya ng'ombe. Inatunzwa ndani ya kopo lenye matundu, pamoja na udongo wenye unyevu kidogo, kivulini. Jua linaiua kwa muda mfupi, na mnyoo uliokufa hauchezi tena kwenye ndoano. Wakati wa kumbikumbi, hao pia wanafaa.

Kinyunya kinaanguka upesi kikiwa laini kupita. Unga kidogo wa muhogo unakishikisha. Kabla ya kwenda, mtu anaweza kukijaribu nyumbani: anaweka kipande kwenye ndoano ndani ya beseni la maji. Kikishika dakika tano, kiko tayari. Kikiyeyuka, kikandwe tena.

Chambo kifunike ncha ya ndoano bila kuizika kabisa, la sivyo samaki anakula na kwenda. Mikono yenye petroli ao moshi wa tumbaku inaacha harufu kwenye chambo, kwa hiyo inaoshwa kwanza. Na anayechomwa na ndoano yenye kutu asingojee kidonda kivimbe. Aende kwenye kituo cha afya kwa sindano ya tetanosi.

Kwa ufupi

Tilapia: mnyoo mdogo, kinyunya, utelezi wa mawe, ndoano ndogo, mchana.
Kambale: minyoo mingi, utumbo wa kuku, sabuni, usiku na baada ya mvua.
Barbus: mnyoo, panzi, kinyunya kigumu, karibu na mdomo wa mto.
Bagrus: vipande vya samaki, usiku, ndoano kubwa.
Sambaza: hakuna ndoano, taa na wavu.