Gari la Kizamani Likitema Maji, Usikimbilie Kufungua Injini!

Kule Goziba, kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria, wilayani Muleba, mashine ya mtumbwi ikishawaka macho yanaenda nyuma. Kale kamkondo kadogo ka maji kanatoka? Kakitoka, safari iendelee. Kakikata, zima haraka, maana injini haipoi na muda si mrefu itakufa.

Sasa vuka uje nchi kavu, Bukoba mjini, kwa kijana aliyerithi Land Rover ya babu. Huku mambo yanageuka. Gari likitema maji, watu wanashika vichwa. "Gasketi hiyo!" Chai haijapoa, injini iko chini na hela ya kahawa imeondoka. Halafu kumbe gari lilikuwa zima.

Tofauti ni hii. Mashine ya mtumbwi inavuta maji ya ziwa, inayatumia, inayatupa. Gari linazungusha maji yale yale siku nzima, na maji yakipata moto yanaongezeka ukubwa. Lita 8 zikitoka kwenye ubaridi mpaka nyuzi 90, zinazidi kwa karibu robo lita. Hiyo robo lita lazima iende mahali.

Magari ya zamani yaliitupa chini. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, kwa sehemu kubwa haikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda juu yenyewe, ya baridi yakashuka. Baadaye ukaja mfuniko wa rejeta wenye springi, unaobana presha. Kila pauni moja ya presha inapandisha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja na nusu. Kwa watu wa Kagera hilo si dogo: ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100.

Kile kichupa cha plastiki kinachopokea maji na kuyarudisha kilikuja kuzoeleka baadaye. Renault 4 ya mwaka 1961 ilisifika kwa kuja na mfumo uliofungwa kabisa. Lakini Land Rover nyingi za enzi hizo zilikuwa na kamrija tu kando ya mfuniko, kanaelekea chini. Ukijaza rejeta mpaka shingoni, gari linatema kilichozidi. Halijaumwa, limejipimia.

Twende kwenye mashindano. Safari Rally ya 1962 ilishindwa na Volkswagen, gari linalopozwa kwa upepo, halina rejeta kabisa! Mwaka uliofuata yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mshindi akawa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari la maji. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanganyika ya zamani, Tanzania ya leo, akashinda mara mbili mfululizo, naye kwa 404. Ile Pijo ilikuwa na feni ya ujanja: ilijishika yenyewe maji yakipata moto, ikajiachia yakipoa.

Haya, wewe mwenye gari la mzee, fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza, injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji yaishie sentimita mbili tatu chini ya shingo. Endesha siku mbili. Kama limetema mara moja likatulia, kesi imekwisha.

Likiendelea, angalia mfuniko. Raba ikichoka, au ukifunga mfuniko wa gari lingine, presha haibani na maji yanakimbia. Hiki ni kifaa cha bei ndogo kinacholaumiwa mwisho wakati kilitakiwa kuwa cha kwanza.

Kisha mkanda wa feni, tope na majani kwenye rejeta, na kutu ndani yake. Themostati nayo inaweza kuganda ikiwa imefunga. Wengi wanaing'oa na kuitupa, halafu injini inachelewa kupata joto na kula mafuta. Badilisha, usitupe.

Gasketi ije mwisho, na ina dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta mara tu unapowasha, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hizo, hapo fungua injini.

Na kamwe usifungue mfuniko rejeta ikiwa ya moto. Presha ikiachiwa ghafla, maji yanalipuka usoni. Kuna makovu mengi mjini yaliyotokana na haraka ya dakika moja.

Majina ya madereva wa 404 yapo kwenye kumbukumbu mpaka leo. Ila utingo aliyekaa na dumu la maji miguuni, akijua kwa kunusa tu kwamba rejeta inakaribia kuchemka, hakuna aliyemwandika. Elimu yake ndiyo hii, na bado inaokoa injini.

Mzee wako alikuwa na gari gani, na nani alikuwa anabeba dumu? Tupia kwenye komenti.