Nani Abebe Mzigo? Sheria ya Ajali za Barabarani Nchini Ufaransa, 1925–1985

Motokaa ilipoingia katika barabara za Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, sheria haikuwa na neno lolote juu yake. Kitabu cha sheria za raia cha mwaka 1804 kiliandikwa katika zama za farasi, na kanuni yake ilikuwa wazi: anayedai fidia athibitishe kosa la aliyemdhuru. Lakini mtu aliyegongwa akazimia angewezaje kueleza mwendo wa gari au uzembe wa dereva?

Mwaka 1925, mjini Belfort, msichana mmoja aligongwa na lori akivuka barabara, akaumia vibaya. Mahakama za rufani zilimtaka athibitishe kosa, kwa hoja kwamba gari linaloongozwa na mkono wa mtu si kitu cha kuhukumiwa kwa kifungu cha 1384, ambacho wakati huo kilihusu vitu vilivyo chini ya uangalizi wa mtu. Tarehe 13 Februari 1930 Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa katika kesi za madai, iliikataa hoja hiyo. Tangu hapo mwenye gari ndiye aliyepaswa kujitetea.

Hata hivyo mzigo haukuhama wote. Mfuko wa dhamana uliundwa mwaka 1951, na sheria ya mwaka 1958 ikalazimisha bima kwa kila gari. Fedha zilipatikana, lakini mabishano yalibaki, kwani kosa dogo la aliyeumia lilitosha kumpunguzia fidia. Profesa André Tunc alikuwa amependekeza tangu miaka ya 1960 kwamba ajali ihesabiwe kuwa hatari ya jamii nzima. Wazo lake lilingoja hadi sheria ya tarehe 5 Julai 1985, iliyoongozwa na Waziri wa Sheria, Robert Badinter.

Kwa sheria hiyo, mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na abiria hulipwa kwa madhara ya mwili, isipokuwa kosa lao lisilosameheka liwe sababu pekee ya ajali. Walio chini ya miaka 16 au juu ya 70 hulindwa zaidi: hunyimwa tu wakijitakia dhara kwa makusudi. Kampuni ya bima nayo lazima itoe pendekezo la fidia ndani ya miezi 8. Dereva peke yake ndiye ambaye kosa lake bado humpunguzia haki, na hapo ndipo wanasheria wengi wameona upungufu.

Historia hii si ngeni kwa Kongo. Kifungu cha 260 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kina maneno yale yale yaliyobishaniwa kuhusu ajali ya Belfort, na bima ya magari ililazimishwa kwa sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Funzo lake ni kwamba maneno ya sheria yanaweza kudumu karne nzima, huku haki ikitegemea ni nani anayetakiwa kuthibitisha, na kwa muda gani aliyeumia atangojeshwa.